Ukungu kwenye skrini mbili: kisa cha nyumba moja ya Mkomani

"Fundi, intaneti imeharibika tena." Simu ilianza hivyo, na nusu ya simu ninazopokea hapa Lamu huanza hivyo hivyo. Mpigaji alikuwa dada mmoja wa Mkomani anayeiandikia kampuni ya ng'ambo manukuu ya filamu, yale maandishi yanayopita chini ya picha. Video anaitazama kwenye skrini moja, maandishi anayaandika kwenye ya pili. Picha ikiwa na ukungu hawezi kufuata midomo ya wasemaji wala kusoma kibao cha duka kilicho nyuma yao, na kazi inarudishwa. Alikuwa ameshaongeza kifurushi mara mbili, kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20. Pesa zilikwenda, ukungu ukabaki pale pale.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu katikati yake nilikosea, tena kosa ambalo fundi hulifanya akiwa na uhakika kabisa.

Nyumba ni ya kale. Bibi yake ndiye aliyenifungulia. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, ndoo uketi. Mwenzio mato yamuuma kwa hiyo kompyuta." Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na vyumba ni virefu na vyembamba, kwani upana wake umewekwa na boriti za mikoko zilizobeba dari, haufiki mita tatu. Rauta, kile kisanduku cha kurusha waifai, iko msana wa tini, yaani ukumbi wa chini unaotazama kiwanda, ua wa ndani. Dada anafanyia kazi chumba cha ndani, kuta mbili nyuma. Kwa kukaa, nyumba hizi hazina mfano, hata mwezi wa pili jua likiwaka utasikia ubaridi. Kwa waifai ni ngome.

Meza yake ilikuwa nadhifu kuliko yangu. Skrini mbili zimesimama bega kwa bega: ya kulia pana na mpya, imeunganishwa na laptopu kwa HDMI, kebo ya picha ya siku hizi, ya kushoto ya zamani, ya umbo la mraba, haina tundu jingine ila VGA, lile la kizamani. Laptopu yenyewe haikuwa mezani. Aliifunga kifuniko akaisukuma ndani ya kidaka cha ukutani, kile kipana cha chini, ili meza ibaki wazi. Kutoka kwenye tundu la USB-C ilining'inia habu, kile kisanduku kidogo cha kugawa matundu, na kwenye habu palichomekwa kebo ya VGA ya skrini ya zamani, kipokezi cha kipanya kisicho na waya, na diski ya nje ya USB 3.0 anayohifadhia kazi zake. Nikaitazama diski ile imelala juu ya kifuniko cha laptopu kama kitabu. Nikaitazama, nikapita.

Kwanza nilipima. Simu yangu karibu na rauta ilipata megabiti 19. Simu hiyo hiyo juu ya meza yake, 16. Basi anayeuza intaneti hana kosa, na ukuta haujamaliza kila kitu. Laptopu, pale pale kidakani: 4. Nikarudia, 2. Nikarudia, 11. Namba zinazoruka namna hiyo zinaniudhi kuliko namba mbovu zilizotulia.

Waifai ina masafa mawili ya kawaida, gigahezi 5 na 2.4. Yale ya 5, ambayo huwa safi, yalishindwa mapema: mbele ya kuta mbili za matumbawe yalifika kama mtu aliyepanda ngazi bila pumzi, mstari mmoja, kisha kukatika. Tukabaki na 2.4, ambayo hupenya ukuta vizuri zaidi lakini kila mtu yumo humo. Nilihesabu rauta 14 za majirani. Katika 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo 14 ni soko la samaki saa ya mashua kurudi. Nikaihamisha rauta kutoka chaneli 6 hadi 1. Afadhali kidogo, si dawa.

Kisha nikafungua YouTube, nikabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video na kuita kile kidirisha cheusi cha takwimu. Wengi hawakijui, nami sitafuti tatizo la video bila hicho. Kuna mistari mitatu ninayoisoma. Fremu zilizodondoshwa, yaani picha moja moja za video zilizorukwa: zikiwa nyingi, kompyuta ndiyo inayoshindwa kuifungua video, na hapo ndipo unapoanza kuhangaika na kadi ya picha, na ule mpangilio wa kivinjari wa kuikabidhi kazi hiyo. Zake zilikuwa sifuri. Spidi ya muunganisho: ikipanda na kuanguka. Akiba ya video iliyopakuliwa mbele: sekunde 40, 31, 18, 6, kisha picha ikageuka vigae.

Hapa pana jambo ambalo wateja wengi hawalielewi, na si kosa lao. Video ya siku hizi haishuki kama maji ya mferejini. Imekatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimewekwa kwenye seva kwa ubora tofauti tofauti, kuanzia ule wa vigae hadi ule wa kuhesabu nywele. Kichezeshi kinapima kipande kilichopita kilichukua muda gani kufika, kisha kinaamua kipande kijacho kiombe cha ubora upi. Picha ya 1080p, yaani yenye mistari 1080 ya nukta kutoka juu hadi chini, inataka takriban megabiti 5 kwa sekunde. Ukishuka chini ya hapo kwa muda, video haisimami kuzungusha duara kama zamani; inaendelea, ila kwa ukungu. Ndiyo maana mtu anasema "picha mbaya" wakati kilichoharibika ni njia.

Nikauliza swali nililopaswa kuuliza kwenye simu: "Dada, zote zinaharibika kwa namna moja?"

Akafikiri. "Hapana. Hii ya YouTube inakuja na kuondoka. Ile ya kazini haijawahi kuwa safi hata dakika moja. Tangu nilipoleta hii skrini ya pili."

Magonjwa mawili, basi, yamelala kitanda kimoja. Nilisikia nusu ya pili ya jibu lake, ya kwanza nikaiacha ipite.

Nikachomoa habu. Ndani ya nusu dakika video ya kazini ikawa safi kama kioo, na ya YouTube nayo ikatulia kwenye 1080p. Nikachomeka: zote mbili zikaharibika. Nikachomoa tena: safi. Nilihisi kama mvuvi aliyevuta mshipi akakuta nguru. "Ni hii skrini ya zamani," nikamwambia, nikaanza kumweleza kwa madaha.

Maelezo yenyewe yalikuwa ya kweli, nayaweka hapa. Filamu za kulipia, na majukwaa ya kazi kama lile lake yanayobeba filamu ambazo hazijatoka, hulindwa zisinakiliwe. Sehemu moja ya ulinzi huo inaitwa HDCP, ilibuniwa na Intel. Kabla ya kutoa picha nzuri, kompyuta inasalimiana na skrini kwa siri kupitia kebo: wewe ni skrini kweli, au ni mashine ya kurekodi? Skrini ikijibu ipasavyo, picha inatoka kamili; kwa 4K, picha kali kuliko 1080p, inatakiwa salamu mpya zaidi, HDCP 2.2. Sasa VGA ni ya mwaka 1987, kutoka IBM. Inasafirisha rangi tatu kama mawimbi ya umeme tu, wala haikuundwa na namna yoyote ya kuitikia salamu hiyo. Picha iliyopita VGA yeyote anaweza kuinasa. Huduma ikiona hivyo inachagua: skrini nyeusi kabisa, au picha iliyoshushwa, mara nyingi hadi 480p au 540p.

Na hapo ndipo wenye skrini mbili hunaswa. Yeye video alikuwa akiitazama kwenye skrini mpya, iliyoitikia salamu vizuri. Lakini kuna huduma zinazokagua kila skrini iliyounganishwa, si ile inayoonyesha video peke yake. Mgeni mmoja asiye na kitambulisho, karamu nzima inapikiwa uji. Kuizima ile ya zamani kwa kitufe chake hakusaidii, kwa kuwa kebo ikiwa imechomekwa kompyuta kwa kawaida huendelea kuihesabu. Sharti uichomoe, au ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P na uchague ibaki skrini moja.

Tukakubaliana: aagize skrini nyingine yenye HDMI, iliyotumika lakini nzima, na habu hiyo hiyo ilikuwa na tundu la HDMI lisilotumika. Kwa wakati huo awe anaizima ile ya zamani kwa Windows na P kila anapotazama, aiwashe anapoandika. Aliniangalia kwa jicho la mtu aliyeambiwa ale wali kwa mkono mmoja na mchuzi kwa mwingine, lakini akakubali. Nikalipwa, nikaenda zangu.

Skrini ilitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti ikiwa imefungwa kwa blanketi, ikafika kwenye siku ya saba. Akaiunganisha mwenyewe. Simu ikaja usiku: "Kaka, imekuwa safi dakika nne."

"Halafu?"

"Halafu vigae."

Nililala vibaya. Asubuhi, kabla sijafika kwao, nilikuwa nimeshaliona kosa langu, maana nilianza kuhesabu kwa vidole ni vitu gani vilivyotoka mkononi mwangu nilipochomoa habu ile. Skrini ya zamani, ndiyo. Lakini na diski pia. Na kipokezi cha kipanya. Nilichomoa vitu vitatu kwa mkupuo mmoja, nikampa lawama yule niliyekuwa na hadithi yake tayari kichwani. Tena hadithi ilikuwa kweli kwa ugonjwa wa kwanza, video ya kazini iliyokuwa chafu kila wakati. Ule wa pili, wa kuja na kuondoka, haukuhusika na HDCP hata chembe: video za bure za YouTube hazina ulinzi huo, na skrini ya VGA haiwezi kuzishusha. Lile jibu lake la kwanza lilitosha kunieleza hayo, lau ningelisikiliza.

Nilimkuta anagonga kipanya mezani. "Betri zake zinaisha upesi sana," akasema, "kinaruka-ruka. Nabadilisha kila wiki." Ndani ya kidaka cha juu palikuwa na pakiti tatu za betri, moja imefunguliwa.

Kipanya kile kinazungumza na kipokezi chake kwa masafa ya 2.4. Waifai yake iko 2.4. Vyote viwili vinaugua pamoja, na baina yao pana diski imelala juu ya kifuniko.

Antena za waifai za laptopu nyingi zimefichwa ndani ya kifuniko, ukingoni mwa skrini. Kifuniko kikiwa wazi zinasimama juu, mbali na matundu ya pembeni. Yeye alikifunga, antena zikalala sambamba na ubao wa saketi ulio ndani ya laptopu, akaziwekea diski ya USB 3.0 juu yake, kisha akaitia yote ndani ya shimo la ukuta wa matumbawe. USB 3.0 inapitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele za redio zinazovuja kwenye kebo na viunganishi vyake hutapakaa mpaka ndani ya masafa yale yale ya 2.4. Si siri, Intel walichapisha maelezo yake mwaka 2012, wakataja hata vipanya visivyo na waya. Kelele hiyo haifiki mbali. Simu yangu juu ya meza haikuisikia, ndiyo maana ilipata 16. Lakini kwa antena iliyo chini ya diski, upana wa kidole tu, ni kama kusimama chini ya spika ya harusi ukijaribu kumsikia anayekunong'oneza kutoka chumba cha tatu.

Tena laptopu ilionyesha mistari ya waifai imejaa muda wote. Mistari ile inapima rauta inasikika kwa nguvu kiasi gani, haipimi kelele iliyopo kando. Ilinipoteza na mimi.

Safari hii sikuchomoa kitu. Nilifungua dirisha jeusi la amri nikaanza kuipigia rauta hodi kwa ping mfululizo, mara moja kwa sekunde, namba za muda wa jibu kurudi zikishuka upande wa kushoto wa skrini; namba ikiwa ndogo ndiyo afadhali. Programu yake ilikuwa inasoma video kutoka kwenye diski. Milisekunde 212. 95. Hakuna jibu. 340. Hakuna jibu. Nikaingiza mkono kidakani nikaiinua diski kwa vidole viwili, kebo ikining'inia, shibiri moja juu ya kifuniko. 14. 6. 5. 3. 3. Nikaishusha taratibu kama anayefunika chungu. 41. 160. Hakuna jibu. Nikainua. 4. 3.

Bibi alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa. "Hini ni ufundi au ni uganga?"

Dada akataka ajaribu mwenyewe. Akaiinua na kuishusha mara sita saba, akicheka, halafu akaacha kucheka. "Nimelipia kifurushi cha 20 miezi mitano," akasema.

Nikasubiri programu imalize kusoma, diski ikatulia bado imelala juu ya kifuniko: 3, 3, 4. Hapo ndipo ile "inakuja na kuondoka" ilipopata maana. Diski ikifanya kazi, waifai inazama. Diski ikipumzika, inaibuka. Naye alishasadiki kwamba ni majirani wakirudi majumbani magharibi, kwa kuwa jioni ndiyo saa yake ya kufungua mafaili makubwa.

Kutibu hakukuwa na mambo mengi. Diski ilihamia mwisho wa meza kwa kebo ndefu zaidi. Kipokezi cha kipanya kikatolewa kwenye habu, kikachomekwa tundu la USB 2.0 la upande wa pili wa laptopu. Laptopu ikatoka kidakani, ikasimama wima kwenye kishikio cha mbao alichokitengeneza seremala wa Langoni. Hayo peke yake yalitosha kuipandisha hadi 13 au 14 bila kuyumba.

Lakini kwa mtu anayekula kwa video sipendi kutegemea 2.4 mjini humu, nikapendekeza kebo ya mtandao. Nilipotaja kutoboa ukuta bibi aliweka kikombe chini. Alikuwa na haki. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kugusa kuta hizi ni jambo la kuongea na watu wa Makumbusho ya Taifa kwanza, si la kuamka na keekee. Isitoshe matumbawe hayatoboki kistaarabu. Unataka tundu la kidole unapata la ngumi, na chokaa ya sakafuni inakufuata siku tatu. Tukaikuta njia ya zamani ya waya wa antena ya televisheni, juu ya fremu ya mlango, imejaa utando wa buibui. Mita 15 za kebo zikapita humo, zikafuata boriti, zikashuka nyuma ya meza hadi kwenye tundu la mtandao la habu. Vichwa vya kebo nilivifunga upya mwenyewe na kuvipaka grisi kidogo, kwa sababu chumvi ya hapa hula shaba polepole. Kwenye ile kebo ya zamani ya VGA niliona pini zimeota kijani, na moja, ya rangi ya buluu, haigusi kabisa. Skrini ile ilikuwa na manjano kwa muda mrefu. Mwenyewe alidhani ni uzee.

Kwa kebo laptopu ikapata 19, sawa na mtu aliyesimama kando ya rauta. Diski ikisoma, isiposoma, namba haikuyumba. Jukwaa la kazini likakaa kwenye 1080p saa nzima nilipokuwa nikinywa kahawa, na kibao cha duka nyuma ya msemaji kilisomeka.

Malipo ya siku ya pili sikuyataka. Nilikuwa nakamilisha kazi niliyolipwa ya kwanza. Yeye akarudi kifurushi cha 10, akajaribu wiki nzima, kikamtosha. Skrini ya mraba ikaenda kwa mpwa wake wa Langoni pamoja na kebo mpya, naye hatazami filamu za kulipia.

Nilipokuwa navaa viatu alitoka na zile pakiti za betri. "Kipanya hakiruki tena. Chukua, utie kwenye tochi yako."